Babesia kwa Mbwa: Ugonjwa Unaoenezwa na Kupe

Babesia ni ugonjwa wa damu unaowapata mbwa walioumwa na kupe wenye vimelea vya jina hilo. Vimelea hivyo huingia ndani ya chembechembe nyekundu za damu, huzaliana humo na kuzipasua. Mbwa asipotibiwa mapema hupungukiwa damu na anaweza kufa katika muda wa siku chache.

Jina la vimelea hivyo limetokana na mwanasayansi wa Romania, Victor Babeș, aliyevigundua katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Wafugaji wa ng'ombe wanaufahamu ugonjwa wa jamii hiyo kwa dalili yake ya mkojo mwekundu, ingawa aina za vimelea vinavyoshambulia mbwa ni tofauti.

Miongoni mwa aina hizo ni Babesia vogeli, inayoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa na ambayo huwadhuru zaidi watoto wa mbwa. Aina iliyo hatari zaidi ni Babesia rossi, inayopatikana Afrika kusini mwa Sahara, ambayo bweha huweza kuibeba bila kuugua.

Dalili za ugonjwa ni homa, unyonge, kukosa hamu ya kula na kupauka kwa fizi. Mkojo wa rangi nyekundu au kahawia iliyokolea ni ishara kwamba chembechembe nyingi za damu zimekwisha kupasuka, hivyo mbwa afikishwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Daktari huthibitisha ugonjwa kwa kupima damu, ikiwemo kuichunguza kwa hadubini. Kipimo hicho ni muhimu kwa sababu kupe wa kahawia hueneza pia bakteria aitwaye Ehrlichia, anayesababisha dalili zinazokaribiana na hizo lakini hutibiwa kwa dawa tofauti. Kumpa mbwa dawa kwa kubahatisha hupoteza muda wa kumwokoa.

Kinga inawezekana kwa kuwa kupe hahamishi vimelea papo hapo anapouma. Kwa kawaida huhitaji kunyonya kwa takribani siku mbili au zaidi. Mwenye mbwa anashauriwa kumkagua kila siku masikioni, shingoni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe aondolewe kwa kibano, akamatwe karibu na ngozi na kuvutwa taratibu bila kupondwa.

Banda nalo lisafishwe na nyufa zake zizibwe, kwani kupe jike wa kahawia hujificha humo na kutaga maelfu ya mayai. Dawa ya kuua kupe itumike kwa ushauri wa mtaalamu, kwa kuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe isipopimwa ipasavyo inaweza kumdhuru mbwa.

Mbwa aliyepona anaweza kuendelea kuwa na vimelea mwilini. Kwa sababu hiyo, ukaguzi wa kila siku haupaswi kukoma baada ya matibabu.