Nyumba Isiyo na Kona

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa kwenye msonge, nyumba ya mviringo ya Waluguru iliyoezekwa kwa nyasi. Akabatizwa Matombo, kwenye kanisa lenye kona. Siku moja nilimuuliza alijisikiaje utotoni akiingia humo. Akacheka: "Nilitafuta katikati, mjukuu wangu. Sikuiona."

Jibu hilo halijaniachia. Mimi mwandishi wa habari, chuo kikuu nimepita, lakini sikuwahi kuliangalia kanisa letu hivyo.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua misheni Mhonda 1877 na Morogoro 1882, kisha wakaendelea kupanda Uluguru. Walijenga walivyojua kwao Ulaya: jengo refu, altare mwisho kabisa, waumini wote wakitazama mbele. Kwenye msonge watu wanazunguka moto, wanatazamana. Kwa hiyo tofauti haikuwa ya matofali na nyasi tu. Ilikuwa ya namna ya kukaa pamoja.

Je, ingewezekana vingine? Kule Bujora, karibu na Mwanza, padri Mkanada David Clement alijenga kanisa la mviringo lenye alama za utemi wa Wasukuma. Na Inuvik, kaskazini kabisa mwa Kanada, mwaka 1960 lilifunguliwa kanisa lenye umbo la nyumba ya theluji. Picha zake za Njia ya Msalaba alizichora Mona Thrasher, binti wa wenyeji wa huko. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka wazi kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwa nimeshika ushindi mkononi. Lakini hata mviringo wa Bujora na wa Inuvik ulisimamiwa na wamisionari. Umbo la kwetu peke yake halitoshi, kama mwenye kuamua bado ni mgeni.

Nilipomsomea bibi rasimu, alinikatiza. "Usiliseme vibaya kanisa langu. Humo nimefunga ndoa, humo tumemuaga babu yako. Kona zake nimeshazizoea."

Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Ila wakijenga jingine, watuulize kwanza tunapenda kukaaje."

Sentensi hiyo nimeiacha kama alivyoisema.