Masale ya Diski

Ukipanda kutoka mjini Moshi kuelekea Kibosho au Old Moshi, utaona migomba na mibuni imefuatana bila ukuta wala waya kati ya shamba la mtu na la jirani yake. Mgeni hudhani ni shamba moja kubwa. Mwenyeji huona vihamba kumi, kwa sababu anayatambua masale: mimea yenye majani marefu membamba iliyopandwa mpakani, mingine na watu waliokwisha kufa. Jani la mmea huohuo ndilo Mchagga humpelekea aliyemkosea anapoomba msamaha. Kwa hiyo kung'oa isale si kama kung'oa gugu.

Mimi hutengeneza kompyuta mjini, na nimewaeleza wateja wengi habari ya diski kwa kutumia masale. Diski nayo ni shamba lisilo na ukuta. Kinachotenganisha sehemu moja na nyingine ni jedwali dogo la mipaka, liitwalo jedwali la patisheni.

Jedwali hilo lilianza Machi 1983, IBM ilipotoa kompyuta ya XT yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na toleo la 2.0 la DOS. Diski moja iliweza kugawanywa hadi sehemu nne, na mgawanyo huo ukaandikwa katika sekta ya kwanza kabisa. Sekta hiyo ina baiti 512: 446 ni za programu ya kuwashia, 64 za jedwali, na 2 za mwisho ni alama. Kila sehemu ilipewa baiti 16 za kusema inaanzia wapi, ina urefu gani na ni ya aina gani.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Uru aliniletea diski ya gigabaiti 500. Ina sekta zaidi ya milioni 976, na umeme ulipokatika iliharibika moja tu, ile ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee aliowarekodi kwa miaka mingi, wakieleza nani alipewa kihamba na nani, na mpaka unapita wapi. Wengi wao wamefariki. Fundi wa kwanza alimwambia diski ni tupu, akachora mpaka mmoja mpya kwa diski nzima na kuanza kuifomati. Mwalimu alimsimamisha njiani.

Mambo ya mlimani yalikuwa yamekwisha kunifundisha kwamba kufuta mpaka na kufuta kilichomo ni mambo mawili. Kahawa ilipopandisha thamani ya kihamba, wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU ikafutika kwenye karatasi. Lakini mibuni haikung'oka, na wakulima walibaki wakijuana. Mwaka 1984 chama kilirudi.

Basi sikuandika chochote juu ya diski ile. Kwanza niliinakili yote, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine. Kisha nikaendesha TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Programu hiyo haiamini jedwali. Hutembea diski nzima ikitafuta alama ambazo kila sehemu huacha mwanzoni mwake. Mwanzo wa sehemu ya kwanza ulikuwa umekwisha kujazwa sifuri. Bahati yetu ni kwamba mfumo wa NTFS huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo kwenye mwisho wa sehemu, na fomati haikuwa imefika huko. Nakala hiyo ilitaja urefu wa sehemu. Kwa kuhesabu kurudi nyuma, mpaka wa zamani ukapatikana, kama mzee anayelikosa isale la juu akaanza kupima kutoka lile la chini.

Sauti nyingi zilirudi zikiwa na majina yake. Zile zilizokuwa mwanzoni mwa diski hazikurudi, na hakuna programu itakayozirudisha, maana juu yake kimeandikwa kitu kingine.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ni jambo jema, lakini hati ni jedwali. Anayeiandika hana budi kwanza kutembea shambani na wazee na majirani, ayaone masale yalipo. Mpaka uliosahauliwa bado unaweza kusomwa ardhini. Uliochorwa upya kwa haraka, kisha ukajengewa nyumba juu yake, hausomeki tena.