Kuchanga na Kufadhili: Maneno Mawili katika Historia ya Majengo ya Vyuo Vyetu



Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kamati ya kutafuta fedha za kukarabati majengo ya chuo kimoja ambacho sitakitaja. Rasimu ya barua iliyokuwa mezani ilielekezwa kwa “wahitimu na wafadhili wote”. Nilishauri neno la mwisho libadilishwe. Mhasibu wa kamati akaniuliza, kwa adabu lakini kwa mshangao, iwapo fedha hutoka katika kamusi. Barua ikatumwa kama ilivyokuwa. Mhadhara huu ni jibu langu la kuchelewa.

Tuanzie Kigamboni, ng’ambo ya kivuko cha Dar es Salaam. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa Julai 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Kielelezo chake kilikuwa Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wazima waliokosa elimu ya juu. Joan Wicken, aliyekuwa amesoma huko na ambaye baadaye alikuwa katibu wa Mwalimu Nyerere kwa miongo mingi, alishiriki sana katika kukiasisi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Colin Leys. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa viongozi. Fedha zilitoka kwa marafiki wa nje, naam, lakini pia kwa wananchi walioombwa na TANU wachange. Na neno lililotumika ndilo hilo: wachange.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo ilipo taaluma yangu. Kitenzi changa hakidai mpokeaji. Msemaji akisema “tumechanga”, sentensi yake imekamilika; kinachosikika ni wingi wa watendaji. Kikitiwa katika kauli ya kutendea, changia, kinachofuata aghalabu ni shughuli: kuchangia harusi, kuchangia msiba, kuchangia ujenzi. Katika kauli ya kutendana hupatikana changiana, neno la kila siku. Kitenzi fadhili kina tabia nyingine. Hicho hudai mtu wa kufadhiliwa, na mtu huyo husimama chini ya mtenda. Fadhiliana inaundika kisarufi, lakini ni nadra kuisikia. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ziada, ubora na hisani. Kutokana na mzizi huohuo tumepata afadhali. Kwa hiyo mfadhili, kwa nasaba ya neno lenyewe, ni mwenye ziada aliye bora kuliko mwenzake. Wahenga walilijua hilo waliposema fadhila za punda ni mateke: fadhila hudai shukrani, na isipolipwa huzaa kinyongo. Mchango haudai hivyo. Aliyechangia harusi hupewa kadi, akaja akala pilau kama mmoja wa wenye shughuli.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba taifa linalotegemea zawadi na mikopo ya wengine huhatarisha uhuru wake. Hata hivyo, hali ya uchumi ya miaka ya 1980 ilileta msamiati mwingine: wahisani, nchi wahisani, wafadhili. Baadaye nyaraka za serikali zikaanza kuwaita “washirika wa maendeleo”, tafsida ambayo haikubadilisha upande inakotoka hundi.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilizaliwa katika kipindi hicho, mwaka 1981, kikirithi kazi ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi. Mwaka 2002 ukumbi wake wa maonyesho, wenye paa la makuti, uliteketea kwa moto. Ukumbi mpya ulijengwa kwa msaada wa nje, hususan wa nchi za Skandinavia, na chuo chenyewe kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo mwaka 2007. Sina sababu ya kuwabeza waliotoa; bila wao huenda wanafunzi wangeendelea kucheza juani. Ninachosikitikia ni kwamba mji wenye mafundi wa makuti, maseremala na mabaharia ulisimuliwa kana kwamba ulikuwa mtazamaji wa ujenzi huo.

Kivukoni nayo ilipita njia ndefu: ikawa chuo cha itikadi cha chama, kisha cha sayansi za jamii, na mwaka 2005 Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Shule nyingine ya uongozi yenye jina la Mwalimu ilifunguliwa Kibaha mwaka 2022, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Majengo yake ni makubwa kuliko yale ya Kigamboni ya mwaka 1961. Sijasikia mtu wa kijijini akisema, “Pale nimechanga.”

Narudi kwa mhasibu wangu. Majibu ya barua ile yalikuwa machache. Moja liliandikwa kwa mkono na mwalimu mstaafu, mhitimu wa zamani. Aliuliza iwapo naye anahesabiwa miongoni mwa wafadhili, kwani alichokuwa nacho ni mifuko miwili ya saruji, na hakujua aipeleke kwa nani.