Chumvi iliyopanda Bisie

Historia ya madini ya Walikale, Kivu Kaskazini nchini Kongo, huandikwa kwa yale yanayotoka. Tangu kasiteriti, mawe ya bati, ilipogunduliwa Bisie mwaka 2002, tumesoma habari za magunia ya kilo 50 yaliyobebwa mgongoni, msitu kwa msitu hadi barabarani Njingala, na za wenye bunduki waliotoza kodi njiani. Kuna madini yaliyosafiri kinyume chake, yakipanda na wabebaji wale wale ndani ya chumvi, na kwangu yana thamani kuliko bati. Ni madini joto, yaani iodini.

Mvua za milima ya Kivu zimeisomba iodini ardhini kwa maelfu ya miaka na kuiacha baharini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Za umri wake wote hazijazi kijiko cha chai. Akizikosa, tezi ya shingo huvimba, likatoka rovu. Afadhali rovu. Mtoto aliyeikosa iodini tumboni mwa mama huweza kuzaliwa bubu, akadumaa mwili na akili, na hakuna dawa ya kumrudishia.

Miaka ya 1960 watafiti wa kituo cha Lwiro, akiwemo Mbelgiji François Delange, walichunguza kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, wakakutana na fumbo. Iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kuwa adimu kusini-magharibi. Jibu lilikuwa chunguni: kaskazini walikula muhogo zaidi, na muhogo usioandaliwa vizuri hubakiza sumu ambayo, ikishageuka mwilini, huizuia iodini isiingie kwenye tezi. Mama anayeloweka muhogo siku tatu mpaka ulainike na kunuka, kisha akauanika, anaitoa sumu hiyo. Ujuzi huo ulikuwepo kabla ya maabara yoyote.

Iodini yenyewe ingeletwaje? Sindano ya mafuta yenye iodini ilikinga kwa miaka kadhaa, ila nani angeifikisha kila kijiji cha msituni? Chumvi hufika. Miaka ya 1990 serikali ya Kongo iliagiza chumvi ya kula itiwe iodini, na ya mwambao wa Kenya ikaingia masoko ya Kivu.

Machi 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Walikale, dunia iliulizia bati la Bisie. Mimi niliulizia chumvi. Unyevu na joto huipunguzia iodini, kwa hiyo itunzwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jiko, na itiwe kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, inapokaribia kuiva. Mjamzito asikose: yeye anahitaji mikrogramu 250.