Utando wa Mnyama Katika Kuunga Mfupa: Hukumu Yake

Sifa zote Anastahiki Allaah, na Rahmah na amani zimfikie Mtume wetu.

Ndugu zetu wengi wa visiwani huvuka kwenda Dar es Salaam kutibiwa, na wengine hufika hadi Mloganzila, upande wa Kibamba. Popote mgonjwa wa taya au meno anapotibiwa, huenda akaelezwa kuhusu utando wa kulinda mfupa. Ni vyema familia iujue kabla ya kutia sahihi.

Kazi yake

Mfupa wa taya ukilika, nyama ya ufizi hukua upesi kuliko mfupa, ikaziba nafasi. Daktari huweka utando mwembamba kati yao ili mfupa ujijenge taratibu kwa miezi kadhaa. Tando za asili huyeyuka zenyewe mwilini. Baadhi ya zile za kiwandani hutolewa kwa upasuaji wa pili.

Asili yake

Tando nyingi za asili ni za kolajeni ya nguruwe au ng'ombe.

Hukumu

Katika madhehebu ya Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi visiwani, nguruwe ni najisi, na ng'ombe asiyechinjwa kishari'ah ni nyamafu. Imaam An-Nawawiy (aliyefariki mwaka 676 Hijriyyah) ameigusa mas-ala hii katika Minhaaj atw-Twaalibiyn: aliyeunga mfupa wake kwa najisi kwa kukosa kilicho twahara ana udhuru, asiye na udhuru huo atakitoa, isipokuwa akichelea madhara ya wazi.

Wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaosema najisi ikigeuka kabisa kuwa kitu kingine hutwaharika. Lakini kolajeni ya utando hubaki kolajeni, hivyo kuitegemea hoja hiyo hapa kuna utata.

Muulize daktari:

1. Utando umetokana na mnyama gani, na amechinjwa vipi?
2. Upo wa ng'ombe aliyechinjwa kishari'ah, au wa kiwandani, unaofaa?
3. Nikisubiri upatikane, nitadhurika?

Ukipatikana ulio twahara na unaofaa, ndio wa kuchukua. Ukikosekana na madhara yakahofiwa, dharura ina hukumu yake (Al-Baqarah: 173). Aliyewekewa zamani bila kujua asijitie wasiwasi. Utando wa aina hiyo kwa kawaida umeshayeyuka. Aendelee na Swalah zake.

Na Allaah Anajua zaidi.