Siku mama alipotolewa kizimbani

Mwaka 1969, mjini Washington, daktari mzee alisimama mbele ya ukumbi uliojaa wazazi wa watoto wenye usonji, akawatangazia kwamba anawaondolea hatia. Ukumbi mzima uliinuka kumshangilia. Daktari huyo alikuwa Leo Kanner wa Johns Hopkins, Baltimore, na mashtaka yenyewe alikuwa ameshiriki kuyaandika.

Kanner ndiye aliyechapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 wenye hali ambayo leo tunaiita usonji. Wa kwanza, Donald, alitoka Forest, mji mdogo wa jimbo la Mississippi. Kabla daktari hajamwona mtoto, alikuwa ameshapata barua ya baba yake, kurasa 33, ikieleza namna mwanawe alivyozungusha sufuria na kila kilicho duara, na ghadhabu aliyopandisha akikatizwa. Kwa maneno mengine, elimu ya usonji ilianza na mzazi aliyetazama vizuri. Hata hivyo Kanner aliwaona wazazi hao kuwa watu baridi, na mwaka 1949 akawafananisha watoto na waliowekwa ndani ya jokofu. Kuanzia hapo "mama jokofu" akawa na jina, na kesi.

Aliyeishikilia kesi hiyo kwa nguvu kuliko wote ni Bruno Bettelheim, mkuu wa shule ya bweni huko Chicago. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa katika kambi za Wanazi za Dachau na Buchenwald, na katika kitabu chake cha 1967 aliwalinganisha watoto wenye usonji na wafungwa wa kambi. Msomaji anaweza kujijazia mwenyewe mama alipewa nafasi gani katika mfano huo. Tiba yake ilikuwa kumtenga mtoto na nyumbani kwao.

Pingamizi lilitoka kwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 akisema chanzo kimo katika ubongo, si katika malezi. Dibaji aliiandika Kanner. Huko London wazazi walikuwa wameshaunda chama chao mwaka 1962, na miaka mitatu baadaye wakafungua shule.

Lakini kuachiwa huru ni jambo moja, kupewa kazi ni jingine. Hapo ndipo ninapomheshimu Eric Schopler, aliyesomea Chicago, katika chuo kikuu kilekile alikofundisha Bettelheim, akatoka na msimamo wa kinyume. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, yeye na Robert Reichler walianza mwaka 1966 kuwafanya wazazi kuwa watabibu wenza. Mama alikaa nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja, akimwangalia mtaalamu akifanya kazi na mwanawe. Kisha wakabadilishana: mama akaingia chumbani, mtaalamu akakaa nyuma ya kioo. Nyumbani alirudi na mpango wa mazoezi. Kazi ya mtoto ilipangwa mezani aione kwa macho, aanzie kushoto kwenda kulia, na ikiisha aitie kwenye kisanduku, maana maelezo ya mdomo mara nyingi humpotea. Wazazi haohao ndio waliowabana wabunge wa jimbo, na mwaka 1972 mpango huo, TEACCH, ukawa huduma ya umma.

Wazo hilo limefika pwani yetu pia. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye matatizo ya ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Mwezeshaji si lazima awe daktari bingwa, jambo la maana sana mahali ambapo mabingwa wa aina hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Kenya, Kilifi ikiwemo, ni miongoni mwa nchi ambako mafunzo hayo yamefanyiwa utafiti. Humo mlezi hufundishwa kucheza na mtoto na kufuata anachokipenda, na pia namna ya kujitunza yeye mwenyewe, anapokuwa amechoka na majirani wanaendelea kumnong'ona.