Rangi Zilizokuwa Fedha Karagwe

Katikati ya karne ya 19, mfanyabiashara aliyetoka Unguja kwenda bara angeweza kufilisika kwa kosa la rangi tu. Ushanga mweusi ulipita Ugogo, lakini kwingineko haukuwa na thamani yoyote. Ule mkubwa wenye umbo la yai uligombewa Ujiji, sehemu nyingine nyingi ukakataliwa. Mweupe uliokubalika Ufipa ulidharauliwa Ukonongo. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta mmisionari David Livingstone, ilimbidi akae chini afundishwe na wafanyabiashara wa Kiarabu rangi ipi inakwenda wapi, ndipo akanunua magunia 22 ya shanga. Mzigo wa rangi isiyotakiwa ukishafika bara, hakuna aliyekuwa tayari kuurudisha pwani kwa kichwa.

Ufalme wa Karagwe ulikuwa mbali hata kwa kipimo cha misafara ile. Kutoka Tabora njia ilikwenda kaskazini-magharibi, ikapita Usui, ambako Mtemi Suwarora alitoza hongo, yaani ushuru wa njia, iliyowaliza wasafiri. Baada ya hapo palikuwa na nafuu. Nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa, pamoja na vilima vya Kituntu, ilikuwa chini ya ukoo wa Wahinda, na ikulu yao ilikuwa Bweranyange. Mukama, yaani mfalme, Rumanyika hakutoza hongo. Waarabu na Waswahili walijenga kituo chao Kafuro, wakanunua pembe za ndovu, na kutoka hapo wengine walivuka mto Kagera kuelekea Buganda. Aliyekuwa maarufu kuliko wote ni Musa Mzuri, Mhindi wa Surat aliyekuwa na makao Tabora. Huyu alimsaidia Rumanyika kumshinda ndugu yake Rogero walipogombea kiti, kwa hiyo wafanyabiashara hawakuwa wageni wa kawaida pale ikulu. Walikuwa na deni la kudai.

Kabla ya bidhaa za pwani, Karagwe ilikuwa na rangi zake. Watu walivaa ngozi za ng'ombe zilizolainishwa kwa siagi, na nguo za magome zenye wekundu wa udongo uliochomwa. Wahunzi walifua chuma cheusi kwa ustadi ambao hata Stanley, ambaye sifa hakuzigawa ovyo, aliuandika alipoieleza hazina ya Mukama. Ng'ombe wenyewe walihesabiwa kwa rangi ya ngozi. Huko Ankole, kwa majirani wa kaskazini, mwekundu wa giza aitwaye bihogo ndiye aliyependwa zaidi ya wote, na mwenye kundi la rangi moja alijulikana.

Kilichokosekana ni rangi kali. Buluu safi, waridi, wekundu unaong'aa: vitu hivi udongo na magome havivitoi. Vilitoka katika tanuri za kioo za Venisi, vikafika Unguja kwa meli, vikafungwa katika mizigo ya frasila mbili hivi na kupanda bara vichwani mwa wapagazi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, ambaye kitabu chake kuhusu nchi za maziwa kilitoka mwaka 1860, alitaja aina zipatazo 400 za shanga katika biashara hiyo. Juu ya zote palikuwa na sami-sami, ushanga mwekundu wa marijani. Ukiuvunja, ndani ni mweupe. Kioo chekundu kilikuwa ghali kutengeneza, basi mafundi walikipaka utando mwembamba juu ya kiini cha kioo cheupe cha bei nafuu. Waswahili waliupa majina ya utani yaliyosema wazi kuwa mtu angeutolea hata chakula chake cha siku. Uliuzwa kwa kete, yaani nyuzi za shanga, na kete kumi zilifanya fundo moja.

Tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipokelewa na Rumanyika. Speke alikuwa na jicho la mavazi, na hapa tunamshukuru. Anaeleza kuwa Mukama alikaa chini, amevaa joho jeusi la Kiarabu lisilo na makeke. Mapambo yalikuwa miguuni: soksi za ushanga wa rangi nyingi, na mikononi bangili za shaba zilizosukwa vizuri. Ukilitazama vazi hilo, biashara nzima unaiona. Joho lilitoka Uarabuni, kioo kilitoka Ulaya, na mikono iliyounganisha punje hizo moja moja hadi zikawa soksi ilikuwa ya Karagwe. Huenda hakuna mtu wa Venisi aliyewahi kufikiria kwamba bidhaa yake ingevaliwa hivyo.

Zawadi alizotoa Speke nazo ni orodha ya rangi. Palikuwa na koti, sanduku la bati na koili mbili za waya wa shaba, lakini pia yadi tano za joho jekundu, shanga 100 kubwa za buluu zenye umbo la yai, mabunda matano ya shanga za mchanganyiko na mabunda matatu ya punje ndogo za waridi, buluu na nyeupe. Hizo za umbo la yai ndizo ambazo Stanley angeambiwa miaka kumi baadaye kwamba nje ya Ujiji hazina soko. Lakini zawadi ya mfalme si ya kwenda sokoni. Kwake kitu adimu kilikuwa na heshima yake.

Mwezi ulipoandama palifanyika baraza la kuapa utii. Rumanyika alivaa taji la ushanga lenye manyoya mekundu juu ya paji la uso, na kidevuni ndevu bandia nyeupe zilizoshikizwa kwa ukanda wa ushanga. Mbele yake zilipangwa ngoma 35. Maofisa walisogea mmoja mmoja kuapa.

Grant, aliyebaki Karagwe kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa mguu, alichora kwa rangi za maji. Picha zake ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilitumia michoro hiyo, ila wachongaji waliigeuza nyeusi na nyeupe, na wasomaji wengi wa Ulaya wakaijua Karagwe bila rangi hata moja.

Fedha ya rangi haikudumu. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898 serikali ilitaka rupia, mazao au kazi ya mikono. Sami-sami haikulipa kodi. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa zikaanza kuja Bukoba kwa meli, na ushanga ukawa pambo la kawaida dukani. Kahawa ndiyo iliyochukua nafasi ya kuleta fedha, na yenyewe ikaja na sharti la rangi. Mkulima wa Kituntu leo anahimizwa achume buni nyekundu tu, iliyoiva sawasawa. Ile ya kutafuna, akamwani, inayouzwa mjini Bukoba ikiwa imefungwa kwa maganda ya mgomba, huchumwa ingali ya kijani, ikachemshwa na majani ya dawa na kukaushwa, kama ilivyofanywa kabla rupia haijajulikana.